Msonobari wa Bénédicte

Perpétue alikuwa muuza sabuni, na alikuwa mtu wa kuiamini bidhaa yake. Wako wanaouza pombe bila kuonja, na wako wanaouza dawa ambazo wenyewe hawathubutu kumeza. Perpétue hakuwa wa aina hiyo. Kila mwezi alitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, akaenda mjini Mbarara, akarudi na katoni mbili za sabuni ndefu za kufulia, akazikata vipande kwa waya na kuvipanga juu ya meza mbele ya nyumba yake. Uwanja aliufagia asubuhi na jioni mpaka ardhi ikang'aa. Majirani walisema kuku wakifika kwa Perpétue hujifuta miguu kwanza.

Walicheka, lakini wachache walijua usafi ule ulianzia wapi. Mwaka 1996 vita vilipowatoa kwao Bushi, Kivu ya Kusini nchini Kongo, yeye na mumewe Grégoire walishika njia ya msituni kuelekea Shabunda, mtoto wa miezi mitatu mgongoni. Kipindupindu nacho kilishika njia hiyohiyo. Grégoire alishindwa na kiu akanywa maji ya kijito, na siku ya tatu wakamzika kando ya njia kwa jembe la kuazima, haraka haraka, kwa sababu risasi zilikuwa nyuma yao. Perpétue alichemsha kila tone la maji, akaosha kila kijiko, akasugua mikono mpaka ngozi ikachubuka, na mtoto akaishi. Tangu siku zile uchafu na kifo kwake vilikuwa kitu kimoja, wala hukuweza kumwambia vingine.

Mambo yalipotulia alirudi kutafuta kaburi la mumewe. Alikumbuka kona ya njia, alikumbuka jiwe, alikumbuka mti uliopinda. Akakuta kona nyingi, mawe mengi, na miti yote imepinda. Siku mbili alipekua nyasi kwa mikono yake. Siku ya tatu alisali sala ya marehemu katikati ya njia, akielekea pande zote nne, kisha akaenda zake. Jambo lile lilimkaa kooni kwa maisha yake yote: kwamba mtu aweza kufa, halafu akafa tena kwa kupotea.

Mwaka 2004 Bukavu ilipowaka moto tena alivuka mpaka na binti yake, Bénédicte, aliyekuwa na miaka minane. Walilala Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, pamoja na wageni wengine wiki kadhaa, wakaandikishwa, wakapewa kiwanja, wakajenga nyumba ya miti na udongo. Bénédicte alikuwa mtoto wa kucheka. Kitu kimoja tu hakukiweza, nacho ni ufagio. Akiambiwa afagie, alifagia nusu ya uwanja akaacha nusu, na mama yake akimuuliza alijibu, "Ile nimeachia kuku, nazo ziko na kazi yazo." Perpétue alimgombeza huku akigeuza uso ili asionekane anacheka.

Malaria ilimchukua Bénédicte mwezi Mei 2009, kwa siku nne tu, akiwa hajatimiza miaka kumi na mitatu. Sitayasema mengi kuhusu siku hizo nne. Perpétue mwenyewe hakuyasema. Kinachojulikana ni kwamba baada ya maziko aliosha nyumba nzima, kuta kwa sakafu, akitafuta mahali alipokosea.

Makaburi ya upande ule yako juu ya kilima kikavu chenye majani makali, na kuweka alama pale ni vita. Msalaba wa kwanza wa mbao uliliwa na mchwa kabla mwaka haujaisha. Wa pili uling'olewa. Perpétue alijua kabisa kuwa umepikia maharagwe ya mtu, kwa sababu kuni Nakivale ni shida, na hakuweza hata kumlaani mwizi. Saruji ilikuwa ya wale wenye ndugu Ulaya. Kila mvua ilipopita, kilima cha udongo cha Bénédicte kilizidi kulala, na nyasi zilizidi kusogea. Perpétue alikwenda kila asubuhi na ufagio wake, akafagia kaburi kama anavyofagia uwanja, akakusanya majani makavu na kuyachoma. Lakini alihesabu umri wake, na alijua kuwa kiuno kitagoma siku moja, au karatasi za kuhamishwa nchi nyingine zitafika, na nyasi hazitamngoja. Kumpoteza Bénédicte kama alivyompoteza Grégoire, hilo moyo wake ulikataa katakata.

Ndipo alipofikiria mti. Mti hauliwi na mchwa ukiwa hai, na watu huona aibu kukata mti wa kaburini ulio mbichi. Akachagua msonobari, ambao watu wa kule huuita payini, kwa sababu mbuzi hawaupendi na kiangazi hakiuvui majani. Tena misonobari ilisimama mbele ya kanisa la parokia alikofungia ndoa.

Mche wa kwanza aliununua mwaka 2011 kwa muuzaji wa kando ya barabara mtaa wa Kakoba, Mbarara. Alipoufikisha nyumbani akautoa katika kile kimfuko cheusi cha nailoni wanachokiita kiriba, akaona jambo lililomchefua. Mizizi ilikuwa imevaa udongo mweusi wenye harufu ya ghala lililofungwa, na katikati ya udongo mlikuwa na ukungu mweupe, nyuzi nyembamba kama pamba iliyochambuliwa. Perpétue alishtuka. Kitu kinachokwenda kulala na mtoto wake kingekwendaje hivyo? Akachota maji katika beseni, akachukua sabuni, akaosha ile mizizi polepole, mmoja mmoja, kama alivyokuwa akiosha vidole vya Bénédicte alipokuwa mchanga. Ukungu wote ukatoka. Akaupanda mche safi katika ardhi iliyofagiwa, akasali, akaenda nyumbani ametulia.

Mche ulisimama miezi mitatu bila kuongeza hata kidole. Kisha majani yake yakageuka rangi ya manjano, yakaenda kwenye zambarau, ukafa umesimama.

Mwaka uliofuata alipata kitalu kizuri zaidi, huko Kakiika, pembezoni mwa Mbarara, kwenye mteremko wenye misonobari mikubwa iliyopandwa zamani. Kitalu kilikuwa cha mama mmoja wa makamo aliyeitwa Kantengwa, mwenye sauti ya kukwaruza na gambuti za mume wake marehemu. Perpétue alinunua mche, akauosha kama ule wa kwanza, safari hii bila sabuni, kwa kuwa alihisi huenda sabuni ndiyo iliyouchoma. Akafagia, akamwagilia. Nao ukaenda manjano, ukaenda zambarau, ukafa.

Mwezi Septemba 2013 alirudi kwa Kantengwa kwa mara ya pili. Kantengwa alimtambua tangu mbali, akamwita nyabo, yaani bibi.

"Nyabo, ile mti iko namna gani?"

"Ilikufa, mama."

"Ilikufa! Mti yangu haikufi hivi hivi." Kantengwa alisimika jembe chini. "Leo mimi siuzi. Kwanza wewe sema, nafanyia hiyo mti nini."

Perpétue akasema. Alisema yote kwa unyofu, tena kwa fahari kidogo, kama mtu anayesimulia jinsi alivyompokea mgeni vizuri. Alisema jinsi alivyotoa mche katika kiriba, jinsi alivyoosha ule ukungu wote ukaisha, jinsi anavyofagia kila asubuhi pasibaki jani. Kantengwa alisikiliza, na mdomo wake ukazidi kufunguka.

"Wewe naosha mti? Na maji?"

"Na ya kwanza niliosha na sabuni."

"Bambi! Maskini!" Kantengwa alicheka mpaka akashika magoti, gambuti zikimpwaya. Kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha kucheka mara moja. "Kuja hapa. Kuja mimi naonyesha wewe."

Alichagua mche mmoja wenye afya, akapasua kiriba kwa ukucha. Akamwonyesha ncha za mizizi. Hazikuwa nyembamba tupu kama Perpétue alivyozidhania. Zilikuwa fupi, nene kidogo, zimegawanyika mbilimbili, kila moja imevikwa kitu cheupe kama soksi ya mtoto, na kutoka katika zile soksi nyuzi zilitambaa kwenda ndani ya udongo.

"Hii si ugonjwa," Kantengwa alisema. "Hii ni uyoga."

"Uyoga? Uyoga iko wapi? Minaona nyuzi tu."

"Ile wewe nakula ni kama matunda yake tu. Mwenyewe nakaa chini. Mzizi ya payini ni fupi, haifiki mbali. Hii nyuzi ndiyo nakwenda kutafuta maji na chakula, naleta kwa mti. Mti nayo natengeneza sukari huko juu, nalipa. Wewe ukitoa nyuzi, mti nakaa na njaa. Nakunywa maji yako, lakini nakufa njaa."

Perpétue alikaa chini palepale kwenye majani makavu, yeye ambaye hakukaa mahali bila kupapangusa. Kantengwa hakumwacha apumzike. Alimwinua akampeleka nyuma ya kitalu, kwenye korongo ambako baba mkwe wake alikataa kukata miti ya asili, na pakabaki kipande cha msitu wa zamani kisichozidi uwanja wa mpira. Ujanani Kantengwa alikuwa amefanya kibarua kwa watu wa misitu, kazi yake kuchimba vishimo vidogo na kutia udongo katika mifuko, na jicho la kazi hiyo hakulipoteza. Alifukua kwa mkono chini ya jani lililooza, zikatoka kamba nyeusi nyembamba kama nywele za farasi. Hizo, alisema, zinakula majani, na bila hizo msitu ungezikwa na takataka zake. Akageuza gogo, pakawa na utando wa manjano unaokula mti mkavu. Akaonyesha mzizi wa msizi, mti mkubwa wa asili, ambao haukuwa na soksi yoyote, akaeleza kwamba uyoga wa msizi unaingia ndani kabisa ya mzizi na jicho haliuoni. Wale watu wa misitu walijaribu kuhesabu aina zilizomo katika kiganja kimoja cha udongo wa korongo lile, wakahesabu, wakahesabu, mwisho wakaandika tu kwamba bado wanahesabu.

"Ni kama huko kwenu Nakivale," alisema. "Mkongo iko, Mrundi iko, Msomali iko, Mnyarwanda iko. Kila mtu na kazi yake, na bila mmoja soko nafungwa."

Perpétue alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi nichukue udongo wa hapa, wa huu musitu. Uko na bote."

"Hapana. Hapo ndipo watu nakosa." Kantengwa alitikisa kichwa. "Hao hawajui payini. Payini ni mgeni, ilitoka ng'ambo. Watu wa kwanza walileta mbegu peke yake, ikaota, ikafa yote, zambarau kama yako. Mpaka walileta na udongo ya kwao, ndiyo ikakubali. Mkimbizi hakuji peke yake, nyabo. Anakuja na watu wake."

Hapo Perpétue alilia. Hakulia kwa kelele. Alisema kwamba ameua miti miwili kwa mkono wake mwenyewe, akiipenda. Halafu, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, likatoka lile ambalo hakuwa amemwambia mtu kwa miaka minne: kwamba alipofiwa alitafuta nyumba nzima mahali alipoacha uchafu, hakupaona, na bado kila siku anapatafuta.

Kantengwa alimsogelea. Hakuwa mtu wa maneno laini na hakujaribu kujifanya. "Mbu haiulizi kama nyumba iko safi," alisema. "Iliingia tu. Wewe hukukosa." Akamshika mkono, mkono wake wenye udongo ndani ya mkono wa muuza sabuni.

Perpétue aliondoka Kakiika na mche mmoja, kifurushi cha majani makavu ya msonobari, na nusu gunia la udongo mweusi uliochotwa chini ya misonobari mikongwe. Sabuni mwezi ule hakununua. Alipanda lori la ndizi, gunia likiwa mapajani kama mtoto, na karibu na Nakivale askari wa kizuizi cha barabarani akalikagua.

"Mama, nini iko ndani?"

"Ni udongo, afande."

"Udongo? Natoka Mbarara na udongo? Kwani Nakivale udongo ilikwisha?"

Watu wa lori walicheka mpaka machozi. Perpétue naye alicheka, kisha akakazia mikono yake mdomoni mwa gunia, asije askari akamwaga.

Aliupanda mche na uchafu wake wote. Alichimba shimo pana, akajaza udongo wa Kakiika, akautandikia yale majani makavu juu, na hapo ndipo mtihani wenyewe ulipoanza, kwa maana Kantengwa alikuwa amemwagiza asifagie, asilime, asichome. Nyuzi hukatwa na jembe na hukaushwa na jua. Kesho yake asubuhi Perpétue alifika kaburini na ufagio kama kawaida ya miaka minne, akasimama. Mikono ilimwasha. Akakumbuka nusu ya uwanja iliyoachiwa kuku. Akarudi nyumbani akafagia barabara ya watu wote, toka kwake mpaka bombani, mpaka watu wakauliza kama kuna waziri anakuja.

Nakivale, kama kambi yoyote, ina macho. Wiki ya tatu watu walishaona kwamba kaburi la Bénédicte limejaa takataka. Wiki ya sita walishasikia habari ya gunia. Mwanamke wa Bushi kaleta udongo usiojulikana akaumwaga juu ya kaburi! Kule walikotoka, anayechezea udongo wa kaburi ni mchawi, neno halina mjadala. Wale walionunua sabuni kwake kwa mkopo walikuwa wa kwanza kuamini.

Jirani yake Orpa ndiye aliyemjia usoni. Orpa alikuwa mke wa mfugaji, Mprotestanti wa nyanda za juu za Kivu, mwanamke mrefu asiyejua kusema jambo nyuma ya mtu. Walikuwa wamevumiliana miaka minane, mmoja akisali rozari na mwingine akiimba nyimbo za toba, ukuta mmoja kati yao.

"Mama Béné, batu banasema umeacha mutoto. Kaburi inakuwa kichaka. Juu ya nini haufagie tena?"

"Sikumuacha. Ile majani ni chakula."

"Chakula ya nani?"

"Ya uyoga."

Orpa alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Kisha uso ukambadilika, na sauti iliyotoka haikuwa ya ugomvi. "Uko na fasi ya kufagia, na hautaki! Mimi Bienfait wangu alikufia Kabazana, ya mwaka mbili elfu na tano. Tulimuzika kule yulu ya kilima, tuliweka kijiti tu. Kijiti iliondoka. Sasa kuko bilima mbili, sijue ni gani iko ya mutoto wangu. Ningejua, ningefagia na hizi mikono." Akazionyesha. Perpétue aliishi naye ukuta kwa ukuta miaka yote ile na hakuwahi kusikia jina la Bienfait.

Perpétue alimmiminia uji. Alimshika Orpa begani, na Orpa akaondoka bila kumaliza uji aliopewa.

Tarehe mbili Novemba ni siku ya marehemu wote, na Wakatoliki hupanda kilimani na majembe kusafisha makaburi ya ndugu zao. Mwaka ule, 2013, Perpétue alipofika alikuta wanajumuiya saba wamezunguka kaburi la Bénédicte. Katekista Ulrich, mtu mwema kupita kiasi, alikuwa amewapanga ili wamsaidie mama aliyelemewa na huzuni. Jembe lilikuwa limeshainuliwa.

"Musiguse!" Perpétue alipiga kelele mpaka kilima kizima kikageuka. Akakimbia, akapiga magoti juu ya majani, akaufunika mche kwa kanga yake. "Nasema musiguse! Huyu ni mutoto wangu, na mimi ndiye namutunza hivi."

Wakarudi nyuma kwa aibu na hofu. Ulrich alijaribu kusema neno juu ya heshima ya marehemu, akalimeza. Jumapili hiyo benchi la Perpétue kanisani lilikuwa na nafasi kubwa kulia na kushoto. Sabuni ilidoda. Kwa miezi mingi alikula mihogo mitupu, akapanda kilimani kila asubuhi mikono mitupu, akakaa kando akiutazama mche, akiogopa rangi ya manjano kama watu wanavyoogopa homa. Alikuwa mpweke, na kuna siku alijiona mjinga. Kantengwa mwenyewe hakuwepo kumsikia akisema, "Ukinidanganya, mama, mimi nimekwisha."

Msonobari haukwenda manjano. Ulikaa kimya hadi mvua za Machi, kisha ukarusha kichipukizi kilichosimama wima. Desemba ulimfika Perpétue kifuani. Katikati ya 2015 ulimpita kichwa, na mtu aliyesimama bombani, akitazama kilimani kwenye majani yote yale yaliyokauka, aliona kitu kimoja cha kijani. Watoto wakaanza kusema "pale kwa Bénédicte" wakielekezana mahali pa kutafuta mbuzi. Perpétue aliposikia hivyo kwa mara ya kwanza aliingia ndani akafunga mlango, akakaa kitandani akilia na kucheka kwa pamoja. Jina la mtoto wake lilikuwa mahali.

Novemba 2015 watu walipanda tena kilimani. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na chini ya msonobari, kuuzunguka mti, uyoga ulikuwa umetoka. Ulikuwa wa kahawia, kofia zimelowa na kung'aa, hatua mbili na hata tatu kutoka kwenye shina. Wanajumuiya walisimama mbali. Uyoga juu ya kaburi! Mmoja akafanya ishara ya msalaba. Perpétue aliwaambia wasiogope, kwamba hayo ni matunda ya zile nyuzi, na maana yake ni kwamba mti umeshiba. Ulrich akainama akatazama, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki alisema kwa sauti ya kusikika, "Kweli, hata mimi sikujua." Lakini wengine hawakusogea.

Ndipo Orpa alipokuja. Waprotestanti hawana siku ya marehemu wote, na watu walimwona akipanda peke yake na kiriba mkono mmoja, beseni tupu mkono mwingine. Alikuwa ametoka Kakiika jana yake. Kantengwa alimuuzia mche, akamwagiza kwamba ardhi ya kilima kile haina watu wa payini, aongeze udongo wa chini ya payini iliyokomaa, na kwamba hana haja ya kubeba gunia toka Mbarara wakati upo jirani. Orpa alisimama mbele ya Perpétue. Aliyotakiwa kuomba yalikuwa mazito, na kila mtu pale aliyajua. Nani anaomba udongo wa kaburi la mtoto wa mtu, mchana kweupe, mbele ya kanisa zima?

"Mama Béné," alisema. Akanyoosha beseni tu.

Perpétue aliliangalia lile beseni. Mwili wake wote ulisema hapana. Kila chembe ya udongo ule ilikuwa ya Bénédicte. Aliilinda na majembe, na midomo, na ufagio wake mwenyewe. Nyuma yao mtu mmoja alinong'ona neno uchawi, na mwingine akamwambia anyamaze. Perpétue akainua macho, akaiona kwenye kingo za beseni mikono ileile ambayo Orpa alisema ingemfagilia Bienfait.

Akapiga magoti. Akafunua majani yaliyooza, akaingiza vidole vyote kumi katika udongo, taratibu asikate mzizi, akatoa bonge jeusi lililoshonwa kwa nyuzi nyeupe. Akaliweka ndani ya beseni. Akachota tena, na tena, mpaka likajaa, kisha akarudishia majani mahali pake. "Beba," alisema. "Bénédicte hakukuwaka na choyo."

Wakaenda pamoja hadi mwisho wa makaburi, Perpétue ameshika upande mmoja wa beseni na Orpa upande mwingine, na watu wakawafuata kwa mbali, kisha kwa karibu. Vile vilima viwili vilikuwa vimelala sana, hatua mbili kati yake, nyasi zimevifunga vyote sawa. Orpa aliweka mche kwenye kimoja, akauondoa. Akauweka kwenye kingine, akauondoa tena, akabaki ameukumbatia kifuani.

"Sijue ni gani," alisema. "Mama Béné, sijue. Nikipanda fasi ya mutoto wa mutu mwingine?"

Perpétue alichukua jembe mkononi mwa Ulrich, akachimba shimo katikati.

"Panda hapa," alisema. "Mizizi itamutafuta."